Lipi ni la Kawaida Bukundi, na Nani Aseme?

Neno "akili mnemba" limekwisha toka katika maabara za wataalamu likaingia maofisini, sokoni na katika vijiwe vya kahawa. Kila mtu analitaja, wengine kwa matumaini, wengine kwa hofu. Katika makala haya hatuna nia ya kulisifu wala kulilaani. Tunataka kuuliza swali moja tu, ambalo kwa maoni yetu halijaulizwa vya kutosha: mashine inapoitazama picha ikapiga kengele kwamba humo mna jambo lisilo la kawaida, huo ukawaida imejifunza kwa nani?

Swali hili si la wataalamu peke yao. Ni la mkulima wa pamba na mtama wa Bukundi, wilayani Meatu. Ni la mfugaji anayesaka malisho wakati wa kiangazi, na la mama anayekwenda kuni kabla jua halijawa kali. Hawa wote wanaishi katika wilaya iliyo jirani na pori. Pori la Akiba Maswa liko pale, na nyuma yake iko Hifadhi ya Taifa Serengeti. Eneo la Jumuiya ya Hifadhi ya Wanyamapori la Makao nalo limetengwa katika ardhi ya vijiji vya wilaya hiyo hiyo. Tembo hajui mpaka uliochorwa katika ramani. Kamera nayo haitaujua, wala haitamjua aliye halali na asiye halali kupita mahali, kama hakuna aliyeifundisha.

Asitokee mtu akadhani kwamba mambo haya yako mbali nasi. Yameanzia hapa hapa, katika nyika yetu. Mwaka 2010 mtafiti Alexandra Swanson wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, alianza kutega kamera 225 ndani ya Serengeti, katika eneo la kilometa za mraba 1,125. Kamera hizo hazikuhitaji mpigapicha: mnyama anapopita mbele yake, joto na mwendo wake huiamsha kamera, nayo ikapiga. Kufikia mwaka 2013 kazi hiyo, iliyojulikana kwa jina la Snapshot Serengeti, ilikuwa imekusanya mafungu milioni 1.2 ya picha. Hapana ofisi yenye watumishi wa kutosha kuzitazama picha zote hizo. Kwa hiyo watafiti waliwaomba watu wa kawaida, popote walipo duniani, wazitazame kwa njia ya mtandao na kusema wameona nini. Waliojiandikisha walizidi 28,000, na majibu yao yalifika milioni 10.8.

Matokeo ya kazi hiyo yana mafunzo mawili. La kwanza ni kwamba katika mafungu hayo milioni 1.2, yaliyokuwa na mnyama yalikuwa 322,653 tu. Mengine yote yalikuwa majani yaliyotikiswa na upepo, kivuli cha mti, au joto la mchana. La pili ni kwamba hata katika picha zenye mnyama, nyumbu, pundamilia na swala tomi ndio waliojaa. Kifaru, kicheche na wenzao wachache walionekana kwa nadra mno. Yaani katika nyika, kama katika maisha, jambo la kawaida ni tele na jambo lisilo la kawaida ni adimu. Lakini mara nyingi lile adimu ndilo tunalolitafuta.

Mwaka 2018 wataalamu walitangaza kwamba kompyuta iliyofundishwa kwa picha milioni 3.2 za Serengeti iliweza kutambua aina 48 za wanyama, na kwamba katika sehemu kubwa mno ya picha hizo iliweza kufanya kazi kwa usahihi ule ule wa wale wanadamu waliojitolea, yaani asilimia 96.6. Kwa hesabu yao, kazi iliyookolewa ilizidi saa 17,000. Hayo ni mafanikio yasiyo na ubishi, na wapasao kusifiwa wasifiwe.

Hata hivyo, ufundishaji wa namna ile una upungufu wake. Kompyuta hufundishwa kwa kuonyeshwa picha na kutajiwa jina: huyu nyumbu, huyu fisi, huyu simba. Inajua majina iliyotajiwa, basi. Ukiiletea jambo ambalo hakuna aliyelitia katika orodha, italilazimisha liingie katika jina mojawapo inalolijua. Na mambo mazito kwa mwananchi aghalabu hayamo katika orodha. Nani aliyekusanya picha za kutosha za kila namna ya tanzi la waya, ya ugonjwa wa mmea, ya nyaya za uzio zilizokatwa?

Ndiyo maana wataalamu wamegeukia njia nyingine, ambayo kwa Kiswahili twaweza kuiita kujifunza kwa kujisimamia. Katika njia hii hapana mwalimu wa kutaja majina. Picha yenyewe huwa swali, na picha yenyewe huwa jibu. Sisi tuliopitia chuoni kabla ya kuingia shule ya serikali hatuwezi kuona ugeni katika jambo hili. Mwalimu alianza maneno, akanyamaza katikati, na mwanafunzi akawa na wajibu wa kuendelea. Hakuuliza maana, hakuuliza jina la lolote. Alipima tu kama lililofichwa limo kifuani. Mashine nayo hufanywa hivyo hivyo. Mwaka 2021 watafiti wa kampuni ya Facebook walionyesha kwamba waweza kuificha robo tatu nzima ya picha, ukaiacha mashine na robo moja, nayo ikajizoeza kukisia sehemu iliyofichwa, mpaka ikajifunza umbo la vitu bila kutajiwa jina hata moja. Miaka mitatu kabla ya hapo, mwaka 2018, wataalamu Golan na El-Yaniv wa Israeli walikuwa wamekwisha onyesha njia iliyo jirani na hiyo: picha inageuzwa, inalazwa ubavu, inapinduliwa, na mashine inatakiwa iseme imegeuzwa vipi.

Sasa tazama, ndugu msomaji, jinsi jambo lisilo la kawaida linavyotambuliwa. Mashine iliyojizoeza kwa maelfu ya picha za mahali fulani huwa hodari kwa picha zinazofanana na zile. Ukiificha sehemu ya picha ya namna hiyo, inaijaza vizuri. Ukiigeuza, inatambua. Lakini ukiiletea picha yenye kitu kigeni, inababaika: inajaza vibaya, inakosea mgeuzo. Kubabaika huko hupimwa kwa tarakimu, na tarakimu ikizidi kiwango kilichowekwa, kengele inalia. Viwandani njia ya kufundisha kwa vitu vizima tu imejaribiwa sana. Mkusanyo wa picha uitwao MVTec AD, uliotolewa Ujerumani mwaka 2019, una picha 5,354 za vitu na malighafi za aina 15, kama chupa, skrubu, ngozi na zulia. Mashine hufundishwa kwa vile visivyo na kasoro tu, kisha huulizwa vipi vina kasoro.

Faida zake kwetu ni dhahiri. Mkoa wa Simiyu, uliozaliwa mwaka 2012, ni mkoa wa pamba, na uchafu katika pamba humpunguzia mkulima heshima na bei. Jicho lisilochoka, lililojifunza pamba safi ikoje, laweza kuona uzi wa mfuko wa plastiki katika nyuzi nyeupe, kama linavyofanya sasa katika viwanda vya kusokota nyuzi vya nchi mbalimbali. Viwavijeshi vamizi vilivyoingia nchini mwaka 2017 vimekwisha tuonyesha hasara ya kuchelewa kuona. Programu ya simu iitwayo Nuru, iliyotengenezwa na Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania pamoja na taasisi ya utafiti wa kilimo ya IITA, huitazama mimea na kumwambia mkulima kwa Kiswahili kama ina ugonjwa au mdudu, na hufanya hivyo hata pasipo mtandao. Msingi wake wa mihogo uliwekwa kwa picha zilizopigwa katika mashamba ya Tanzania yenyewe. Na katika vijiji vinavyolala kwa zamu kwa sababu ya tembo, kamera itakayoamsha watu kabla shamba halijakanyagwa itakuwa ni neema kubwa.

Lakini hapa ndipo tunapolazimika kusimama na kufikiri. Katika kiwanda cha skrubu, ukawaida hauna mgogoro: skrubu nzima ni nzima, iliyovunjika imevunjika. Ardhi wanayoishi watu si skrubu. Kamera iliyojifunza ndani ya hifadhi, ambamo ng'ombe haruhusiwi na mtu haonekani ila kwa nadra, imejifunza kwamba ukawaida ni nyika isiyo na watu. Ichukue kamera hiyo uitege pembezoni mwa vijiji vya Meatu. Ng'ombe atakuwa mgeni. Mama mwenye mzigo wa kuni atakuwa mgeni. Mtaturu na mkuki wake atakuwa mgeni, na Mhadzabe mwenye upinde, ambaye wazee wake walizijua njia za nchi hii kabla ya mipaka, naye atakuwa mgeni. Mashine haitakuwa imesema uongo. Itakuwa imesema kweli ya mahali pengine.

Jambo hili si dhana ya mwandishi. Mwaka 2018 Sara Beery na wenzake wa Taasisi ya Teknolojia ya California walionyesha kwamba mashine hodari katika sehemu ilizozoea hupoteza uhodari wake mara ipelekwapo sehemu mpya, hata kama wanyama ni wale wale. Mfano wao ni mwepesi kueleweka: ng'ombe malishoni anatambuliwa, ng'ombe yule yule akisimama ufukweni mwa bahari, mashine haimwoni. Ilikuwa imejifunza majani pamoja na ng'ombe, bila kujua kwamba majani si sehemu ya ng'ombe.

Kamera nazo sasa zimekwisha elekezwa kwa binadamu. Mwaka 2019 kampuni ya Intel na shirika la RESOLVE walitangaza kamera ndogo, TrailGuard AI, inayotambua mtu porini na kupeleka picha yake kwa walinzi, baada ya toleo la awali kujaribiwa katika Pori la Akiba Grumeti, magharibi mwa Serengeti. Hatuipingi. Ujangili ni wizi wa mali ya taifa, na anayeuficha anajiibia mwenyewe. Tunachosema ni kwamba kadiri kamera hizi zinavyosogea karibu na makazi ya watu, ndivyo swali la nani mgeni na nani mwenyeji linavyozidi kuwa zito.

Watakuwapo watakaotujibu: mashine haimkamati mtu, inapiga kengele tu, na mwanadamu ndiye anayeamua. Jibu hilo ni zuri, lakini halitoshi. Tuchukue hesabu ya mfano. Kamera zimepiga picha 10,000, na kati ya hizo 10 tu ndizo zenye ujangili wa kweli. Tuseme mashine ni hodari sana: inazikamata 9 kati ya 10, na katika picha za kawaida inakosea moja tu kwa kila mia. Picha za kawaida ni 9,990, na asilimia moja yake ni karibu 100. Basi mlinzi atapokea kengele zipatazo 109, ambazo 9 tu ndizo za kweli. Kwa kila kengele kumi na mbili, kumi na moja ni za bure. Mashine hiyo hiyo itaelezwa mkutanoni kwamba imepatia picha tisini na tisa katika kila mia, nayo itakuwa kweli. Lakini nyuma ya zile kumi na moja huenda wapo watu waliofuatwa usiku, waliohojiwa, waliochelewa kufika kwao. Au litatokea la pili: mlinzi atachoka na kengele za bure, azizime, na siku ya jangili wa kweli asiamke.

Kuna hatari nyingine, iliyojificha zaidi, nayo yatupasa tuitazame kwa makini kuliko hiyo ya kwanza. Mashine inayojifunza yenyewe hulichukua kila linalorudiarudia kuwa ni kawaida. Haijui jema na baya. Inajua lililozoeleka na lisilozoeleka. Ikiwa katika picha ilizojifunzia matanzi ya waya yalikuwamo kila wiki, tanzi litakuwa sehemu ya mandhari. Ikiwa ilijifunza katika mwaka ambao ng'ombe wote walikuwa wamekondeana kwa ukame, ng'ombe mwenye afya ndiye atakayeipigia kengele. Ikiwa tanuri la mkaa lilifuka moshi kila siku mbele ya kamera, moshi huo hautamshtua mtu. Uovu uliozoeleka hupita mlangoni bila kubisha hodi, na mashine, kama wanadamu wazembe, itaufungulia.

Kwa hiyo ukawaida ni uamuzi. Mtu fulani huamua kamera itegwe wapi, picha za miezi ipi zitumike, zipi zitupwe, na kiwango cha kengele kiwekwe juu au chini. Kiwango kikishushwa, watu wengi watasumbuliwa. Kikipandishwa, wahalifu wengi watapita. Hakuna fomula ya hisabati inayoweza kusema tusumbue wasio na hatia wangapi ili tumpate mwenye hatia mmoja. Hilo ni jambo la haki, na jambo la haki linaamuliwa na watu wanaohusika, mbele ya macho ya wote.

Kwa maoni yetu, yafuatayo hayana budi kuzingatiwa kabla kamera za namna hii hazijatapakaa katika vijiji vyetu.

Kwanza, mashine itakayotumika Bukundi ifundishwe Bukundi. Picha zake zitoke katika masika na kiangazi cha hapa, zikiwa na ng'ombe, mbwa, baiskeli, punda, watoto wa shule na moshi wa majiko. Uzuri wa kujifunza kwa kujisimamia ni kwamba haudai jeshi la watu wa kutaja majina. Unadai picha za mahali penyewe. Basi hakuna kisingizio cha gharama cha kutuletea ukawaida uliopikwa kwingine.

Pili, mkutano mkuu wa kijiji uelezwe, kwa lugha inayoeleweka, kamera ziko njia zipi na zinatafuta nini. Na kila baada ya muda usomewe hesabu: kengele zililia ngapi, za kweli ngapi, za bure ngapi. Kiongozi asiyeweza kuisoma hesabu hiyo mbele ya wananchi hana haki ya kuitumia gizani. Wazee, wachungaji na wawindaji wa jadi waulizwe, maana hakuna mtaalamu anayeijua nyayo ya nchi hii kuwashinda.

Tatu, kamera iwe shahidi wa pande mbili. Mkulima ambaye tembo wamemmalizia shamba hudai kifuta jasho, na familia iliyopoteza mtu hudai kifuta machozi, kwa kanuni zilizowekwa mwaka 2011. Mara nyingi ushahidi wake ni nyayo na mabua yaliyovunjika, ambavyo mvua ya usiku mmoja yaweza kuvifuta. Ikiwa kamera inaweza kumwonyesha mwananchi akiingia porini, haiwezi kushindwa kumwonyesha tembo akiingia shambani. Picha hiyo impatie mkulima haki yake kwa wepesi ule ule. Jicho linalomwona mkosaji upande mmoja tu si jicho la haki.

Nne, picha ya mtu ni mali ya heshima yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, imeweka misingi ya namna taarifa za mtu zinavyokusanywa na kutunzwa. Picha ya mama aliyekwenda kuni haiwi halali kusambazwa kwa sababu tu ilipigwa na kamera ya kutafuta fisi. Wenye kamera waseme picha za watu hukaa kwa muda gani, huonwa na nani, na hufutwa lini.

Tano, vijana wetu wasomeshwe kazi hii. Si haki kwamba nyumbu na pundamilia ni wa kwetu, jua na mvua ni vya kwetu, na anayejua kuifundisha mashine awe ametoka nje daima. Kijana wa Mwanhuzi aliyechunga ng'ombe kabla ya kwenda chuo kikuu ataona katika picha mambo ambayo kijana wa Minnesota hawezi kuyaona, si kwa kuwa ana akili zaidi, bali kwa kuwa anapajua.

Mwenye macho haambiwi tazama, walisema wahenga. Lakini hawakuwa wakizungumzia jicho la kioo. Jicho la kioo lazima liambiwe litazame nini, na lililo kubwa zaidi, lazima lifundishwe nini si cha kushangaza. Mtu kutembea juu ya ardhi ya kijiji chake si cha kushangaza. Ng'ombe kurudi zizini jioni si cha kushangaza. Mashine itakayokuwa imejifunza hayo kwanza, na tuipokee kwa mikono miwili. Ile isiyoyajua, na irudi darasani kwanza, na darasa lake liwe hapa Bukundi.